Ni Katuni Tu?



Ndugu msomaji, ukitaka kuijua ladha ya wanafunzi wa chuo, usiwaulize wanapenda filamu gani. Chungulia simu zao usiku, mitihani ikiwa imekwisha. Utakuta watu wa miaka 23, wanaosomea uchumi na udaktari, wengine wamehifadhi juzuu kadhaa, wanawacheka wanyama wanaosema. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Ni katuni tu." Hilo "tu" ndilo ninalotaka tulijadili.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2024 Inside Out 2 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Mwaka uliofuata Ne Zha 2 ya Wachina ikapita bilioni 2, sehemu kubwa kutoka China kwenyewe, kwa kisa chao cha kale. Fedha hizo hazikutoka mifukoni mwa watoto.

Wapo wanaoufunga mjadala mapema kwa hukumu ya picha. Wengine wanawajibu kwa wanasesere wa Bi Aisha (r.a.), akiwemo farasi mwenye mbawa mbili. Mtume (s.a.w.) alipouliza habari zake, Bi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka. Fatwa nawaachia wenyewe. Mimi bado mwanafunzi. Swali langu ni la akhlaki: je, mtu anawajibika kwa kile kinachompendeza?

Chukueni The Lion King ya 1994, ambayo hapa Bujumbura hata asiyeitazama anaijua. Majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na fisi mmoja akaitwa Shenzi. Baba anauawa, mtoto anakimbia, anapokewa na marafiki wanaomfundisha kutojali lolote: hakuna matata. (Sisi tunaojua maana ya kupumbaa tulipaswa kushtuka kabla ya wengine.) Lakini filamu haimwachi Simba huko. Inamrudisha nyumbani kwa nguvu, akabebe dhamana aliyoikimbia huku watu wake wanakufa njaa. Yaani kisa chote kinaupinga wimbo ule. Na watazamaji walichukua nini? Wimbo. Ukaandikwa kwenye fulana, na kampuni ya Disney ikayasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara, jambo lililowaudhi Waswahili wengi mwaka 2018.

Mimi siwezi kuilaumu filamu peke yake hapo. Ilituambia tusikae porini, sisi tukachagua kubaki. Imam Ghazali katika Ihya, akizungumzia kusikiliza nyimbo, ananukuu kauli kwamba sauti haiweki moyoni kisichokuwemo, bali hukitikisa kilichomo. Basi kama katuni inanipendeza kwa sababu inaniruhusu kusahau deni langu kwa wazazi wanaonilipia ada, tatizo halikuanzia kwenye skrini.

Lakini kanuni hiyo inamfaa mtu mzima. Moyo wa mtoto bado unajazwa. Mtoto wa Buyenzi anasema Kiswahili nyumbani, Kirundi mtaani, na filamu inamjia kwa Kifaransa. Maneno mengi yanampita. Anachoshika ni nyuso. Na katuni inasema kwa nyuso kuliko filamu yoyote. Scar, ami yake Simba, ana manyoya meusi kichwani na kovu jichoni. Hata kabla hajatenda uovu, mtoto amekwisha kumhukumu. Akiirudia filamu mara ishirini, kama watoto wanavyorudia, amefanya zoezi la kumhukumu mtu kwa sura mara ishirini.

Je, dawa ni kuzima? Makka walikuwa na mtu aitwaye Nadhr bin Harith, aliyejifunza visa vya wafalme wa Uajemi, akina Rustam na Isfandiyar. Mtume (s.a.w.) akiinuka kwenye baraza, yeye hukaa mahali pale na kuwauliza watu nani msimulizi bora. Ladha ya watu ilikuwa upande wake, maana visa vyake vilikuwa vitamu. Baadhi ya wafasiri wanasema ni yeye anayekusudiwa katika aya ya sita ya Sura Luqman. Lakini Qur'ani haikuishia kumkemea: ilisimulia. Sura Yusuf nzima ni kisa kimoja, chenye kisima, njaa, gereza na ndugu wasiomtambua ndugu yao.

Na siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini, Mtume (s.a.w.) alisimama akimsitiri Bi Aisha hadi alipochoka kutazama yeye mwenyewe. Baadaye Bi Aisha aliwaambia watu wapime hamu ya binti mdogo anayependa mchezo. Kusimama pale kuna subira ambayo walezi wengi hatuna: ama tunazima, ama tunamwachia mtoto simu na kuondoka.

Nia njema peke yake nayo haitoshi. Mwaka 2015 studio moja ya Dubai ilitoa filamu ya katuni juu ya Bilal. Picha zake nzuri, fedha nyingi zilitumika, lakini ilipofika Marekani mwaka 2018 watazamaji walikuwa wachache. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014 kwa picha za kawaida kabisa, inafundisha hesabu kwa nyimbo, na watoto wanaimba. Nadhani waliotengeneza hii ya pili walimjua mtoto wanayesema naye.

Katika jumuiya yetu wapo wanaosoma kompyuta, wapo wanaochora, na madrasa za Buyenzi zimejaa watoto. Nimeanza kuandika kisa cha Bilal (r.a.), dakika tano, kwa Kiswahili chetu. Yeye nitamwacha awe sauti tu, kwa kuwa masheikh wengi hawaridhii masahaba kuigizwa, na sauti inamtosha muadhini. Nimekwama kwa bwana wake, Umayya bin Khalaf. Mchoraji ananiuliza amchore vipi ili mtoto auchukie uovu wake kabla ya kuichukia pua yake, na bado sijampa jibu.