Kushika Bila Kumiliki

Katika moduli za nyongeza za Python, zile zinazoandikwa kwa lugha ya C, hakuna anayemiliki kitu. Kinachomilikiwa ni rejeo tu, yaani haki ya kukifikia kitu, pamoja na wajibu wa kuiachilia haki hiyo kazi inapokwisha. Kanuni hiyo imo katika mwongozo rasmi wa Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Iliwekwa kwa sababu za kiufundi, lakini inagusa swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: mtu anaposema ana kitu, ana nini hasa?

Anayeandika Python tupu halazimiki kujiuliza hivyo, kwa kuwa intapreta humbebea mzigo. Kila kitu kina hesabu ya marejeo yake, mbinu iliyoelezwa na George Collins mwaka 1960. Anapotokea mshikaji mpya, hesabu hupanda, anapoachia, hushuka, ikifika sifuri, kitu hufutwa na nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta hurudishwa. Aliyevuka kuingia upande wa C ametoka nje ya ulinzi huo. Ni yeye wa kuongeza hesabu kwa Py_INCREF na kuipunguza kwa Py_DECREF, na kompaila haimkagui. Maktaba ya NumPy, ambayo wachambuzi wengi wa takwimu huitegemea, imejengwa kwa njia hii. Mwanafunzi wa Kitale anayeitumia anaegemea uaminifu wa watu ambao hatawaona kamwe.

Makosa ni ya aina mbili, na uzito wake haulingani. Anayesahau kuachia husababisha uvujaji: kumbukumbu hujaa polepole kwa vitu visivyotumiwa na yeyote, mpaka programu ilemewe. Anayeachia mara mbili, au anayeachia kisicho chake, humharibia mwingine ambaye bado anashika. Huyo anayeshika atasoma mahali palipokwisha kupewa kitu kingine, na programu itaanguka mbali kabisa na kosa lilipotendeka. La kwanza ni ubadhirifu. La pili ni kuvunja amana, na linastahili kuogopwa zaidi.

Penye ugumu mkubwa ni kuazima. Fankisheni ya PyList_GetItem hutoa rejeo la kuazima: msomaji anakiona kitu kilichomo kwenye orodha, lakini hesabu haikupanda kwa ajili yake. Haki yake inasimama muda wote ambao orodha inaendelea kukishika kitu hicho. Mkulima wa Kachibora aliyekodi ekari kadhaa kwa msimu mmoja wa mahindi anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Amelima, amepanda, amepalilia, lakini kusimama kwake shambani kunategemea mwenye hati aendelee kuwa nayo. Shamba likiuzwa mahindi yakiwa yanabeba, makubaliano ya mdomo hayamfungi mnunuzi kwa urahisi. Katika C hatari hiyo hujificha zaidi. Kubadilisha kipengele cha pili cha orodha kunaweza kukifuta kitu kilichokuwapo, kufutwa huko kukaamsha msimbo wa kuaga wa kitu hicho, na msimbo huo ukakiondoa kipengele cha kwanza, kilekile kilichoazimwa. Dawa ni kuongeza hesabu kabla ya kugusa lolote. Toleo la 3.13 la Python, la mwaka 2024, lilileta PyList_GetItemRef, inayompa msomaji rejeo lake mwenyewe tangu mwanzo.

Wazo kwamba mshikaji si mwenye mali ni la kale. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inafundisha kwamba ardhi ni ya Mungu na wanaoikalia ni wapangaji wake, hivyo haiuzwi daima. Aya ya 58 ya Surat an-Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wanaostahiki. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 61, inasema ardhi yote ya nchi ni ya Wakenya kwa pamoja, kama taifa, kama jamii na kama mtu mmoja mmoja. Yote matatu yanamtaka mshikaji ajue atawajibika kwa nani, sharti ambalo mwandishi wa moduli nzuri hulitimiza kwa kuandika wazi, kwa kila fankisheni, kama inaazima, inatoa au inachukua.

Swali la pili ni gumu kuliko hilo: je, kuwako kwa kitu ni kushikwa tu? John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alitoa mwaka 1969 kitabu kilichotumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza fikra za Kiafrika juu ya wakati. Kwa maelezo yake, marehemu hubaki katika Sasa madhali yupo aliye hai aliyemfahamu na anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho akifa, marehemu huingia Zamani. Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia huwapa watoto majina ya jamaa waliotangulia, na baada ya mazishi ya mzee wana desturi ya kumuse, ambapo msemaji maalumu husimulia historia na kuwafariji waliobaki.

Hapa hesabu ya Collins inapwaya, na Mbiti anaonyesha kwa nini. Vitu viwili vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe havifiki sifuri kamwe, hata kama hakuna aliye hai anayeweza kuvifikia. Wafu hawahesabiwi kwa kukumbukana wao kwa wao. Kumbukumbu lazima itoke kwa walio hai. Python ilifika kwenye kanuni hiyo mwaka 2000, toleo la 2.0 lilipoongeza mkusanya taka wa kutafuta mizunguko. Lakini mkusanyaji huyo hawezi kuona ndani ya aina za vitu zilizoundwa kwa C, mpaka mwandishi aandike tp_traverse, inayotaja kila kinachoshikwa, na tp_clear, inayokiachia. Asipovitaja, mzunguko utadumu hadi programu izimwe.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitofautisha kinachowezekana kuwako, ambacho hutegemea kingine, na kile ambacho kuwako kwake ni kwa lazima. Toleo la 3.12 la Python, la 2023, lina kitu kinachofanana na tofauti hiyo: None, True na False havifutwi tena, hata vishikwe au viachwe mara ngapi. Hata hivyo uzima wa vitu hivyo una mpaka, kwa kuwa intapreta ikizimwa navyo hutoweka. Moduli za zamani bado huviongezea na kuvipunguzia hesabu, kwa hiyo hesabu yake imewekwa juu sana, mahali ambapo kusukumwa huko hakuwezi kuishusha hadi sifuri.