Haki Haiishii kwa Mwamuzi

Mechi za besiboli za watoto hapa Columbus, jimbo la Ohio, mara nyingi huchezeshwa na waamuzi wawili, na siku nyingine mmoja peke yake. Ligi kuu ya Marekani huweka wanne kwa mechi ya kawaida, na kamera zimeuzunguka uwanja. Kwetu hakuna kamera. Mwamuzi aliye peke yake huinama nyuma ya mdakaji na kutazama mpira unavyopita juu ya kibao cha nyumbani chenye upana wa sentimita 43, aamue kama ni straiki, yaani umepita katika eneo halali la mpigaji, au boli, yaani umepita nje yake. Gongo likiugonga mpira, huvua kinyago na kukimbilia katikati ya uwanja. Anatakiwa ajue mpira umeanguka ndani ya mstari au nje, na mkimbiaji amekanyaga beisi ya kwanza kabla mpira haujafika au baada. Kama kuna mkimbiaji mwingine anayetoka beisi ya pili kwenda ya tatu, mguu wake nao unataka kutazamwa. Jicho la binadamu haliyawezi yote hayo kwa wakati mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Besiboli niliijua kwa sababu ya mwanangu, na ligi yao ilipokosa waamuzi nikaenda kufundishwa kazi. Watoto huniita Bluu, kama wanavyowaita waamuzi wote hapa, kwa rangi ya shati tuliyoizoea. Tangu nilipovaa shati hilo, swali moja halijaniacha: mtu ajuaye kwamba hawezi kuona kila kitu anapata wapi haki ya kuamua juu ya watoto wa wenzake, neno lake likawa la mwisho?

Na ni la mwisho kweli. Kanuni za ligi za watoto zinamruhusu kocha kulalamika ikiwa mwamuzi ameitumia sheria visivyo, kwa mfano akimtoa mpigaji kwa straiki mbili badala ya tatu. Lakini lililo la macho na maamuzi, kama mguu ulifika kwanza au mpira, halipingwi.

Aliyesoma chuoni kule pwani hawezi kulipokea jambo hili kwa wepesi. Maalimu wetu alitufundisha hadithi ya makadhi watatu, wawili motoni na mmoja peponi. Alitusimulia pia habari za Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, kwamba khalifa al-Mansur alimtaka awe kadhi, naye akakataa mpaka akafungwa. Wacha Mungu wengi waliukimbia ukadhi kwa kuuogopa. Na mimi najiuliza: kama wao waliogopa, mtu wa kawaida aingie kwa ujasiri gani, hata kama kesi yenyewe ni mguu wa mtoto juu ya beisi?

Jibu nililolipata ni kwamba wote wakikimbia, hukumu haitoweki. Huchukuliwa na mwingine. Watoto wakicheza bila mwamuzi, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua, au mwenye baba mkali, na yule mdogo mpole huambiwa ametoka hata kama hajatoka. Mwenye nguvu mpishe, wasemavyo wahenga, na uwanja usio na mwamuzi ndipo msemo huo unapotawala. Kwa hiyo lazima mtu asimame. Anasimama kwa kuwa pale panahitaji mtu, wala si kwa kuwa yeye hakosei.

Aliyesimama anadaiwa nini? Hapa napata faraja katika mafundisho mengine ya Mtume, rehema na amani zimshukie: hakimu akijitahidi akapata, ana thawabu mbili; akijitahidi akakosa, ana moja. Thawabu hiyo moja haitolewi kwa kukosa. Inatolewa kwa jitihada, na jitihada katika kazi yetu ina sura inayojulikana. Ni kutafuta pembe kabla ya kutafuta ukaribu, kwa maana anayetazama kutoka pembe nzuri akiwa mbali kidogo huona nafasi iliyo kati ya glovu na mguu, na aliye karibu lakini nyuma ya mgongo wa mchezaji haoni chochote. Ni kutuliza ulimi mpaka tukio limalizike, kwa sababu mpira unaweza kudakwa kisha ukaponyoka, na aliyekwisha kupaza sauti amejifunga. Kwenye beisi ya kwanza, ni kuweka macho juu ya mguu na kusikiliza kishindo cha mpira kwenye glovu, kwani macho hayawezi kuwa pahali pawili. Mwamuzi anayetembea pale anapopaswa kukimbia hawezi kudai thawabu ya aliyejitahidi.

Kuna barua mashuhuri inayonasibishwa na khalifa Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari kuhusu ukadhi. Inamtaka hakimu awe sawa kwa wagomvi wawili hata katika uso wake na kikao chake, mkubwa asitumaini upendeleo na mnyonge asikate tamaa. Inamwambia pia kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea kwenye haki akiiona leo. Naiona barua hiyo uwanjani. Tukiwa wawili, mwenzangu akiwa na pembe ambayo mimi sina, namwendea mbele ya watu wote, namuuliza aliona nini, na hukumu ikistahili kubadilika inabadilika. Kocha fulani akiwa rafiki yangu, simchekei nikamnunia mwenzake. Watoto huusoma uso wa mwamuzi kabla ya kuusikia ulimi wake.

Jambo lililonisumbua zaidi ni huruma. Mrushaji wa miaka tisa au kumi husimama mita 14 kutoka kwenye kibao, na mara nyingi mpira wake hupita kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Boli nne zinampeleka mpigaji beisi ya kwanza bila kupiga. Mwamuzi akishika sheria kwa ukucha, watoto watatembea beisi hadi beisi jioni nzima, na mrushaji atabubujikwa na machozi mbele ya nyanya yake. Kwa hiyo karibu sote huwapanulia kidogo eneo la straiki. Ni huruma, lakini kila straiki ninayompa mrushaji namnyang'anya mpigaji, ambaye naye ni mtoto, naye ana nyanya amekaa kwenye kiti cha kukunja. Huruma ya hakimu ina mtu wa kuilipia. Msimamo wangu ni kwamba huruma inakuwa halali pale tu inapotangazwa kwa makocha wote wawili kabla ya mechi, na ikawa ile ile kwa timu zote tangu mwanzo hadi mwisho. Inayozuka katikati ya mchezo kwa sababu mtoto mmoja analia ni dhuluma, ingawa moyo ulioitoa ni mwema.

Yote haya ni ya upande wa mwamuzi, na kwa muda mrefu nilidhani swali linakwisha hapo. Aliyenionyesha upande wa pili ni mvulana wa timu ya chini ya miaka kumi na miwili.

Nilikuwa peke yangu siku hiyo. Mpira ulipigwa chini chini kuelekea kushoto, naye akajitupa kifudifudi, mgongo wake ukiwa kwangu. Alipoinuka mpira ulikuwa ndani ya glovu, wenzake wakipiga kelele kwamba mpigaji ametoka. Nilikuwa nimekimbia kadiri nilivyoweza, na nisingeweza kujua kama mpira uligusa majani kwanza. Kabla sijainua mkono, yule mtoto akatikisa kichwa na kuonyesha ardhi kwa kidole. Nikanyoosha mikono yote miwili: haukudakwa. Wakimbiaji wakasonga, timu yake ikafungwa alama. Katika fiqhi, mtu akikiri dhidi ya nafsi yake hakuna ushahidi mzito kuliko huo, nami sikuona sababu ya kuukataa.

Kocha wake akamwita pembeni. Hakumkaripia. Alimweleza kwa upole wa mwalimu kwamba kuona ni kazi ya Bluu, kazi yake yeye ni kucheza, na siku nyingine amwachie Bluu kazi yake.

Kocha yule ni mtu mwema, na hoja yake ina uzito. Kila mtu ana zamu yake katika mchezo. Timu moja ikisema kweli na nyingine ikinyamaza, wakweli ndio watakaofungwa kila siku. Isitoshe, makosa ya mwamuzi huangukia huku na huku, leo kwako na kesho kwa mwenzako, hivyo mwache aamue na msonge mbele. Watu wazima wengi waungwana huishi hivyo hata nje ya uwanja: mahakama ikinipa, ni changu.

Lakini Mtume mwenyewe, aliyekuwa hakimu bora kuliko wote, aliwaambia waliomletea shauri kwamba yeye ni binadamu, na kwamba huenda mmoja wao akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, naye akaamua kwa kadiri ya anayoyasikia. Basi atakayepewa kitu cha haki ya nduguye asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ukiyapima maneno hayo utaona yanalitenga jambo moja na jingine. Hukumu inamaliza ugomvi. Haibadilishi kilichotokea, wala haimfutii mtu anachokijua. Mtoto yule aliuhisi mpira ukigusa majani. Hata ningeinua ngumi na kusema auti, ujuzi ule ungebaki kifuani mwake, na neno langu lisingemwondolea.

Sisemi kila mchezaji awe shahidi wa kila tukio. Mpigaji hana wajibu wa kuniambia boli ile ilikuwa straiki, kwa kuwa yeye mwenyewe hana yakini; anaona kwa upande wake kama ninavyoona kwa wangu. Ninayemsema ni mwenye yakini, aliyeshika mpira kwa mkono wake na akajua. Huyo hawezi kujificha nyuma ya shati langu la bluu.

Besiboli yenyewe imeshawahi kulionyesha hili mbele ya nchi nzima. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo, amebakiwa na mmoja akamilishe mechi isiyo na dosari, jambo adimu sana katika ligi kuu. Wa 27 akapiga mpira mwepesi, Galarraga akawahi beisi ya kwanza na mpira mkononi kabla ya mkimbiaji, na mwamuzi Jim Joyce akasema mkimbiaji amefika salama. Marudio ya video yakaonyesha wazi kwamba alikuwa ametoka. Joyce alipoitazama video baada ya mechi alikiri hadharani kwamba amekosea, akamwomba msamaha Galarraga, naye akasamehe. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce orodha ya wachezaji kabla ya mchezo, na Joyce akafuta machozi uwanjani. Kamishna wa ligi hakuibadilisha hukumu. Mpaka leo vitabu vya rekodi vinasema hivyo ilivyoamuliwa, na kila mpenzi wa mchezo anajua ilivyotokea. Hukumu ilibaki na ukweli ukasemwa, kwa kuwa watu wawili walikubali kuubeba ukweli ule bila kulazimishwa na kanuni yoyote.

Baada ya hapo mashine zimeongezeka. Mwaka 2014 ligi kuu ilipanua matumizi ya marudio ya video, na Septemba 2025 ikaidhinisha mfumo wa kukatia rufaa boli na straiki kwa kamera kuanzia msimu wa 2026. Sina ugomvi nao. Penye njia ya kupunguza dhuluma, itumike. Lakini kwenye nyasi za watoto kamera hizo haziji karibuni, na hata zikija, zitamwambia mtoto mpira ulipita wapi. Hazitamfundisha la kufanya anapojua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

Na waamuzi nao waliwahi kupungua sana. Shirikisho la michezo ya shule za sekondari nchini humu lilieleza kwamba takriban waamuzi 50,000 wa michezo mbalimbali waliacha kazi kati ya misimu ya 2018-19 na 2021-22. Matusi ya wazazi yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwaka 2023, ligi ya watoto ya Deptford, New Jersey, ilipokimbiwa na waamuzi, ilipitisha kanuni kwamba mzazi atakayemtukana mwamuzi haruhusiwi kurudi kutazama mechi mpaka achezeshe mechi tatu yeye mwenyewe. Naona hekima ndani yake. Mzazi yule anafikishwa pale pale nilipoanzia, nyuma ya mdakaji, akiwa na macho mawili na mambo manne ya kutazama.

Ningependa aende mbali zaidi ya hapo. Mzazi anayepiga kelele kwamba mwanawe ameonewa anamfundisha kuwa haki yote iko mkononi mwa mtu mmoja mwenye kinyago, na ikikosekana, lawama ni ya huyo peke yake. Mtoto akikua na fundisho hilo, ataingia sokoni, ofisini na mahakamani akiuliza jambo moja tu: wameniona au hawakuniona? Mkiwa garini kurudi nyumbani, badala ya kumwambia Bluu ni kipofu, muulize mwanao wewe ulijua nini, na ulifanya nini na ulichokijua. Mimi nitaamua kwa nilichokiona, na nitakimbia ili nione zaidi. Ambacho mtoto amekiona yeye tu ni amana yake, na kuitunza amana hiyo afundishwe nyumbani, na wale wanaompenda.