Enyi Mnaokula Ufukweni

Sikieni, ninyi mnaoteremka Gisenyi kila mwisho wa juma, kutoka Kigali kwa magari na kutoka Goma kupitia mpaka wa Grande Barrière. Sikieni nanyi wenyeji wa Rubavu, maana mwenendo ni ule ule. Mnakaa kando ya Ziwa Kivu, mnaagiza samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga, mishikaki ya mbuzi, viazi na bia ya Mützig baridi. Mnakula mpaka sahanini vinabaki vijiti. Bili ikija, mnajigeuza mahakimu. Huyu binti alinichekea? Alichelewa? Alinijibu nilipomuuliza anakaa wapi? Kwa maswali hayo mnaamua apate faranga mia, apate elfu, au asipate kitu, kisha mnainuka mkijiona mmetenda haki.

Hamkutenda haki. Bakshishi inayopimwa kwa tabasamu ni dhuluma, hata ikiwa nono. Kiasi utakachompa mhudumu kiamue kabla hujaketi, kabla hujaonja chupa ya kwanza, kabla hujajua atakayekuja mezani ni nani na ana sura gani. Kiwe kile kile kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa mcheshi na kwa mkimya, kwa anayejua Kifaransa chako na kwa anayebabaika. Kisha kimfikie yeye mwenyewe, mkononi. Ukifanya kinyume cha hapo hujatoa kitu. Umenunua unyenyekevu wa mtu mwenye shida, na umeununua kwa bei ya kutupa.

Mtanijibu kwamba alichelewa. Najua mtanijibu hivyo, maana ndiyo kesi yenu ya kwanza kila siku. Basi nendeni mkatazame jikoni. Kijana mmoja amesimama mbele ya makaa, macho mekundu kwa moshi, anageuza mishikaki ya meza zote peke yake. Viazi vilianza kumenywa baada ya wewe kuagiza. Samaki wako alitolewa kwenye barafu ulipomtaja jina. Mwenye mgahawa aliona gharama kuajiri mpishi wa pili, na anajua hutamwona yeye wala hutamlaumu, kwa kuwa aliyesimama mbele yako ni mhudumu. Yule binti amekwenda kwenye dirisha la jiko mara tano kukuulizia chakula chako. Mara tano amejibiwa vibaya huko, akarudi kwako na uso mkunjufu akakwambia, "Bado kidogo, mzee." Wewe ukampigia mluzi. Kosa ni la jikoni na la ofisini, lakini faini mnaikata kwenye mfuko wa yule ambaye hana jiko wala ofisi.

Nimemwona mtu mzima, mwenye heshima zake, kila apitaye anampa mkono, akigonga glasi kwa uma ili kumwita mama wa makamo aliyekuwa akihudumia meza za nje. Hakumwita mama. Hakumwita dada. Aligonga glasi, na wale vijana aliokaa nao wakajifunza. Baadaye aliacha sarafu moja ya mia juu ya sahani yenye mafuta, katikati ya chumvi na pilipili iliyomwagika, na yule mama akalazimika kuichokoa kwa kidole na kuifuta kwenye aproni yake mbele yao.

Hiyo sarafu ya mia ina historia katika nchi hii. Kima cha chini cha mshahara cha zamani nchini Rwanda kilikuwa faranga 100 kwa siku. Kwa siku nzima! Kiliwekwa miongo mingi iliyopita, wakati fedha hiyo ilikuwa na uzito, na maisha yalipopanda chenyewe hakikupanda. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimwachia waziri apange kima kipya kwa amri yake. Lakini kwa vitendo mshahara wa mhudumu wa Gisenyi unatokana na maelewano kati yake na tajiri wake, na maelewano ya mwenye njaa na mwenye hoteli mnajua huishia wapi. Wapo wenye mikataba ya maandishi na mishahara inayolipwa kwa wakati, na waajiri wao nawaheshimu. Wapo pia wanaopewa neno la mdomo tu. Na wapo wanaoambiwa tangu siku ya kwanza kwamba mshahara wao uko kwa wageni. Huyo wa mwisho ndiye anayesimama mbele yako akitabasamu na miguu ikimuuma. Tabasamu lile unalolipima ni la mtu anayeomba kodi ya chumba chake bila kufungua kinywa.

Ole wako wewe uandikaye namba ya simu juu ya noti. Unajua unachofanya, na yeye anajua, na wenzako mezani wanajua, ndiyo maana wanacheka. Unampa elfu tano ukiwa umemshika kiganja, humwachii mpaka akutazame. Akivuta mkono wake, wiki ijayo utakaa meza ile ile ukatae kuhudumiwa naye, au utamwambia bosi wake kwamba ana maringo. Kisha utahesabiwa miongoni mwa wateja wakarimu wa mji huu! Afadhali mara mia mtu aondokaye bila kutoa kitu akisema asante kuliko wewe na elfu tano yako. Yeye hakumwachia kitu, lakini hakumwachia deni.

Ole wenu pia mnaotoa kwa ajili ya kuonekana. Katika muziki wa Kongo kuna desturi ya mabanga: mtu anamlipa mwanamuziki ili jina lake litajwe katikati ya wimbo. Na kwenye harusi zetu mtu anacheza mpaka mbele ya mwimbaji na kumtuza noti moja baada ya nyingine, kila mtu aone. Sina ugomvi na kumtuza msanii, mcheza kwao hutunzwa. Ugomvi wangu ni huu: mkono ule ule uliomwaga dola mbele ya kipaza sauti unakauka mbele ya aliyebeba kreti, akafungua chupa, akafuta meza, akasafisha matapishi ya rafiki yako, kwa kuwa pale hakuna wa kulitangaza jina lako.

Na ninyi ndugu zetu mnaovuka kutoka Goma, mnajua kwamba huko kwenu noti ya dola ikichanika hata kidogo pembeni, dukani hawaipokei. Basi kwa nini mnavuka nayo mpaka hapa kumwachia mhudumu? Mnaiita matabishi, yaani bakshishi. Anaishika akijua kwamba hata mbadilisha fedha wa barabarani ataikataa, au ataichukua kwa nusu ya thamani yake. Mmemtwika yeye hasara yenu, tena kwa jina la zawadi.

Tangu Septemba 2023 baa na migahawa ya nchi hii hufunga saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Nanyi mnakaa mpaka dakika ya mwisho, ya mwisho kabisa, mkiomba chupa moja zaidi. Mkishaondoka, mhudumu anainua viti, anafagia, anahesabu chupa tupu, anasubiri hesabu ya kaunta ilingane. Ndipo anatoka kutafuta pikipiki ya kumfikisha Rugerero au kokote anakolala, na nauli ya usiku si ya mchana. Zile mia mbili ulizompa zinaishia njiani kabla hajaona mlango wa nyumba yake.

Wengine mna jibu lililopangwa vizuri: mshahara wa mhudumu ni jukumu la mwajiri wake, si la mteja. Ni kweli, na mimi nasimama hapo hapo. Lakini mnamwambia nani maneno hayo? Mnamwambia mhudumu, kwa kumwacha mikono mitupu. Mwajiri amekaa kule kwenye kaunta, mnamjua kwa jina, mnapeana mikono, mnaulizana habari za watoto, na hamjawahi kumuuliza hata siku moja analipa watu wake kiasi gani. Haki mnayoidai kwa mnyonge, kwa mwenye nguvu mnaisahau.

Tazameni njia hii ya kuwaachia wageni mshahara wa mhudumu ilikowafikisha wengine. Marekani, utumwa ulipokomeshwa, kampuni ya Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani wahudumie abiria kwenye mabehewa ya kulala. Mshahara ulikuwa mdogo makusudi, na abiria wakaachiwa kujazia kwa bakshishi. Abiria wakawaita wote "George", jina la mwenye kampuni, hawakujali kuuliza wanaitwa nani. Mwaka 1925 watu wale waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, na ikawachukua mpaka 1937 kupata mkataba. Hata hivyo mbegu ile haikung'oka: mpaka leo sheria ya shirikisho ya nchi hiyo inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichokaa palepale tangu 1991. Nchi tajiri kiasi kile, na mhudumu wake bado anategemea huruma ya meza. Wenye migahawa wa Rubavu, mnaotamani njia hiyo, mnataka kuwaachia watoto wenu mji wa namna gani?

Mtauliza, basi tutoe kiasi gani? Wageni wa kutoka mbali huambiwa watoe asilimia kumi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kula viazi na mshikaki mmoja simdai hiyo. Atoe mia mbili au mia tatu, aitoe kwa mkono, amtazame mtu machoni. Lakini ninyi mliokaa kikundi mkanywa chupa kumi, acheni bei ya chupa moja. Mlikuwa na bei ya kumi, ya kumi na moja haiwashindi. Wakristo miongoni mwenu mnalijua fungu la kumi tangu utotoni, na Waislamu mnaijua zaka na hesabu zake. Hakuna kati yenu anayesema kwamba vitu hivyo hutolewa kulingana na jinsi maskini alivyotabasamu.

Nimewaona Jumapili mkitoka ibadani na Ijumaa mkitoka msikitini, mkienda kula na Maandiko yangali masikioni. Sheria ya Musa ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri hata usiku mmoja. Yakobo aliwakemea matajiri kwa ajili ya wavunaji wao ambao hawakulipwa. Mtume Muhammad aliagiza mfanyakazi alipwe upesi. Mnayajua haya yote, na bado mnabishana juu ya chenji ya faranga mia tano na mtu aliyesimama tangu asubuhi.

Mnapolipa kwa simu, kuweni na akili. Ukiingiza bakshishi pamoja na bili kwenye namba ya malipo ya mgahawa, fedha yote inakwenda kwa mwenye mgahawa, na mhudumu hubaki kuomba haki yake kwa mtu ambaye anamwogopa. Lipa bili kwa simu, bakshishi itoe taslimu. Na umkumbuke yule wa makaa ambaye hukumwona. Mlimani Kilimanjaro, wabeba mizigo walilia kwa miaka na miaka kwamba bakshishi za watalii haziwafikii, na wanaowatetea wamekuwa wakihimiza zitolewe hadharani, kila mbebaji ajue fungu lake. Hapa ufukweni nako lifanyike hivyo: ndoo moja yenye kufuli, ifunguliwe kila usiku mbele ya wote, jikoni na mezani, mwenye mali asitie mkono.

Nimalizie nanyi, wenye mali. Glasi ikivunjika mnamkata mhudumu. Mteja akitoroka bila kulipa mnamkata mhudumu, mtu ambaye kuku wa mteja yule hakumwonja wala faida ya meza ile hakugawiwa. Hesabu ya kaunta isipolingana mnamkata mhudumu, hata kama kaunta ni ya shemeji yako. Mwisho wa mwezi mshahara unabaki nusu, nawe unamwambia asihuzunike, mwishoni mwa juma wageni watakuja. Fungueni madaftari yenu ya makato. Mrudishieni kila mtu fedha ya glasi ambayo hakuivunja kwa makusudi na ya bili ambayo hakuila yeye. Andikeni mikataba, mtaje mshahara kwa tarakimu, mlipe kwa tarehe. Na mteja atakayekaa mezani kwenu Ijumaa ijayo namwomba, kabla ya kuagiza samaki, awaite ninyi na si mhudumu, awaulize: watu hawa mnawalipa kiasi gani? Msipomjibu, avae koti lake aende kula penginepo.