Ujira, Kodi na Haki: Mazingatio Kutoka Kampala

Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kampala hueleza darasani kwamba mzigo ni kitu kichukuliwacho kichwani au mgongoni. Mwanafunzi wa Kiganda hucheka, kwani kwao muzigo ni chumba kimoja cha kupanga, ambamo familia nzima hupika, hula na kulala. Vyumba hivyo vimesongamana mabondeni, kama vile Bwaise, yanakoteremkia maji ya mvua. Vilimani Kololo na Nakasero zimesimama nyumba zenye bustani, na baadhi yake kodi huhesabiwa kwa dola. Baina ya kilima na bonde, nafasi ya mtu wa kipato cha wastani yazidi kupungua. Je, hali hii ni dhuluma, au ni matokeo tu ya biashara?

Wako wasemao kuwa mshahara na kodi ni mapatano, na wala hakuna aliyelazimishwa. Hoja hii yataka kupimwa. Mapatano huwa ya hiari pale tu ambapo kila upande waweza kukataa. Mwenye nyumba aweza kungoja mpangaji mwingine hata mwezi mzima. Mpangaji hawezi kungoja usiku mmoja. Ndiyo maana zikawekwa sheria. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984, yaani shilingi 6,000 kwa mwezi, hakikupandishwa hata baada ya fedha kuondolewa sifuri mbili mwaka 1987. Bunge lilipopitisha mswada wa kukirekebisha mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Na huko Nakawa na Naguru, nyumba za umma zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi zilibomolewa mwaka 2011. Zaidi ya familia 1,700 ziliondolewa ili pajengwe mji mpya, na miaka mingi ikapita mji huo usionekane. Hivyo ngazi ya katikati ilikatwa kwa uamuzi wa watu, si kwa nguvu za soko peke yake.

Hata hivyo, tusiwahukumu wote kwa pamoja. Mwenye mizigo minne Bwaise aghalabu si tajiri. Huenda ni mjane asiye na pato jingine. Sheria ya mwaka 2022 inayozuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka yamgusa yeye pia. Kwa hiyo swali letu si nani ana kitu na nani hana. Swali ni hili: anayehitaji kazi ya mtu mchana, aweza kujitoa katika suala la mahali atakapolala mtu huyo usiku? Sisi twaona hawezi. Ujira usiotosha kumpa mtendakazi paa lisilovuja haujakamilika, hata kama aliupokea kwa kushukuru.

Na sisi walimu tusijitoe katika hesabu hii. Mwaka 2022 mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za serikali ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nao walimu wa sanaa, wa Kiswahili wakiwamo, wakabaki karibu na milioni 1. Watu wawili waliosoma chuo kimoja na kuketi katika chumba kimoja cha walimu wakajikuta hawawezi tena kupanga mtaa mmoja. Tulinung'unika, na tulikuwa na haki.

Lakini yule mama afagiaye madarasa yetu, na yule msichana tunayemwachia watoto nyumbani, ujira wao tuliupanga kwa kipimo gani? Mara nyingi tuliwajibu kwa maneno yale yale tuliyoyakataa tulipoambiwa sisi: kwamba hivyo ndivyo wengine walipavyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wasema wahenga. Nasi twaongeza kwamba mwenye njaa naye aweza kumsahau mwenye njaa zaidi. Kabla ya kudai kipimo cha haki kutoka kilimani, yafaa tukitumie kwanza mlangoni petu.