Kati ya Hodi na Karibu

Katika somo la kwanza la Kiswahili mwanafunzi hufundishwa maneno mawili, hodi na karibu, na aghalabu hufundishwa kana kwamba la pili ni mwangwi wa la kwanza. Mmoja asema hodi, mwenziwe ajibu karibu, mlango wafunguliwa, somo lakwisha. Mafunzo hayo yana upungufu, nao huonekana siku msoma mita ya maji au fundi wa umeme abishapo mlangoni, ilhali hatumjui. Je, yatupasa kumtaka aoneshe kitambulisho, au kufanya hivyo ni kumvunjia heshima mtu aliyekuja kutuhudumia?

Wako wenzetu waonao kwamba kumhoji mtu mlangoni ni tabia ya kigeni, isiyopatana na ukarimu wetu. Hutukumbusha methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ni mzee gani wa zamani aliyempokea mpita njia bila kumwuliza atokako? Baganda wana desturi ya kulanya, yaani mtu kujitambulisha kwa kuutaja ukoo wake, baba yake na babu zake. Hicho kilikuwa kitambulisho cha kutosha, kwa kuwa wasikilizaji waliijua mizizi ya koo na wangeweza kumnasa mwongo. Katika Uislamu, dini iliyozijenga kwa sehemu kubwa adabu za Waswahili, Sura ya An-Nur yawakataza waumini kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Nao wakiambiwa warejee, basi warejee. Tena Bukhari amepokea habari ya sahaba Jabir bin Abdillah, aliyebisha mlangoni kwa Mtume kwa ajili ya deni la baba yake. Alipoulizwa ni nani, alijibu kuwa ni yeye, basi. Na Mtume hakupendezwa na jibu hilo. Swali la "nani?", kwa hiyo, halikuletwa na mashirika ya maji na umeme. Limo ndani ya hodi yenyewe. Hodi ni ombi, na ombi lisiloweza kukataliwa si ombi tena.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, hakitoki katika ukarimu bali katika hofu, na hapa Uganda hofu hiyo ina historia. Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, watu wa State Research Bureau walifika majumbani bila sare na kuwachukua watu, na wengi wa waliochukuliwa hawakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 misako ya kijeshi ikajulikana kwa jina la "panda gari", amri ya Kiswahili, kwa bahati mbaya yetu. Kitambulisho kilikuwa kitu ambacho mwenye bunduki humdai raia kizuizini. Raia kumdai mwenye mamlaka lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Haishangazi, basi, kwamba wazee wengi wamwonapo mtu mwenye fulana ya shirika na jalada mkononi humfungulia papo hapo, hata kabla hajamaliza kujieleza. Wamezoea kwamba sare ndiyo iulizayo, nao ndio wajibuo. Yapasa mambo yageuzwe: aliyepewa ruhusa ya kuingia nyumba za watu ndiye anayedaiwa maelezo, wala si mwenye nyumba.

Sisi walimu wa lugha tuna deni la pekee hapa. Kiswahili walichokisikia wengi mlangoni kilikuwa cha amri tupu: Fungua! Toa! Lala chini! Lugha hii hii ina njia nyingine. "Niwie radhi, ndugu yangu, naomba nikione kitambulisho chako kabla sijakufungulia." Sentensi hiyo ina heshima na ina sharti, wala heshima haikulilegeza sharti. Ningependa ifundishwe katika lile somo la kwanza, baina ya hodi na karibu. (Ni ajabu kwamba kwa miaka ishirini, kuanzia 2005 hadi 2025, kampuni iliyosambaza nguvu za umeme nchini mwetu iliitwa Umeme, na watu walioapa kwamba hawajui Kiswahili walilitamka neno hilo kila giza lilipoingia. Kazi hiyo ilikabidhiwa shirika la serikali tarehe 1 Aprili 2025. Hivyo fulana yenye jina la Umeme leo haithibitishi ila kwamba mtu anayo fulana.)

Lakini ni nani hasa afunguaye mlango? Tunapozungumza juu ya mwenye nyumba tunajidanganya kidogo. Saa nne za asubuhi mwenye nyumba yuko kazini, na aliyeko nyumbani ni msichana wa kazi, pengine wa miaka kumi na minane, aliyetoka kijijini mwaka huu. Tumemfundisha kuwaamkia wakubwa na kutobishana nao. Hatukumpa hata siku moja idhini ya kumwambia mtu mzima, "Subiri nje." Kisha akiingia mwongo na kutoka na televisheni, twamwita mjinga, au twamshuku kuwa mshiriki wake. Huo ni udhalimu. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutotumia mamlaka ambayo hakupewa. Amwajiriye na amwambie waziwazi: usimfungulie yeyote asiyethibitika, hata akikasirika, hata akitishia kukata maji, na siku atakapomgeuza mtu wa kweli kwa kutii neno hilo, asikemewe.

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo ni kubwa kuliko kuibiwa. Mtu asiyejulikana aonekanapo nyuma ya nyumba akichungulia mita, jirani mmoja akipiga ukelele wa "mwizi!", umati waweza kumwua kabla hajatoa neno. Twajua kwamba mambo hayo hutokea katika miji yetu. Kitambulisho kilichoombwa kwa utulivu mlangoni chaweza kumwokoa fundi huyo. Lakini ni lazima kiombwe kwa wote. Msimamizi wa mtihani huikagua kadi ya kila mtahiniwa, hata ya yule aliyemfundisha mwenyewe, wala hakuna mwanafunzi anayeona kwamba ametukanwa. Tukimhoji mwenye viatu vilivyochakaa na kumwacha mwenye tai apite, hapo ndipo tunapotukana, na tena twakosea kwa hesabu, maana tapeli hodari hujua kuvaa.

Juu ya namna ya kuthibitisha sina mengi. Kadi yaweza kughushiwa. Basi mwenye nyumba na apige simu ofisini kwa namba iliyo kwenye ankara yake ya zamani, wala si ile atakayopewa na mgeni, na mgeni angoje nje. Mwenye mita ya Yaka hulipa kabla ya kutumia, kwa hiyo atakayedai kwamba amekuja kuisoma ili aandike deni la mwezi ana swali la kujibu. Fedha taslimu zisitolewe mlangoni kwa sababu yoyote.

Na ikiwa ofisi haipokei simu? Hapo fundi wa kweli atarudi bila kufanya kazi yake, baada ya kutembea juani tangu alfajiri. Hasara hiyo yamwangukia asiye na kosa, nami sioni jinsi mwenye nyumba awezavyo kumwondolea. Awezaye ni mwajiri wake, kwa kumweka mtu wa kujibu simu muda wote mafundi wawapo mitaani, na kwa kutouhesabu mlango uliofungwa siku hiyo kuwa uzembe wa msoma mita.