Mama Mwalimu Asijitwike Yasiyobebeka
Huko Marekani, ambako sheria za majimbo yote 50 zaruhusu elimu ya nyumbani, wako akina mama Wakatoliki wanaowafundisha watoto wao wenyewe. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitamka kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza. Haukutamka kuwa mama peke yake awe shule nzima. Mama ajipangiaye masomo kumi, jioni akaona ametimiza matatu, huishia kuwakaripia watoto kwa deni alilojitwika mwenyewe. Je, siku hiyo wamejifunza nini? Mtaka yote hukosa yote. Twasema, kupunguza mzigo si uvivu, bali ni unyenyekevu. Enyi akina mama, jipimieni kwa nguvu mlizojaliwa. Yanayosalia mwachieni Mungu.