Wazo la Leo: Kimya cha Mwanafunzi Mgeni

Mwaka 1982 watoto wapatao 900 kutoka Msumbiji walipelekwa Staßfurt, mji mdogo wa Ujerumani Mashariki, kusoma katika Shule ya Urafiki. Walikuwa ndiyo kwanza wanabalehe. Kireno walikijua kwa shule, nyumbani waliongea lugha za makabila yao, na sasa masomo mengi yangewajia kwa Kijerumani. Walirudi kwao mwaka 1988.

Nawaza kuhusu miezi yao ya kwanza. Kijana aliyezoea kunyoosha mkono kabla ya wenzake anakaa kipindi kizima bila kusema neno. Jibu analo, anachokosa ni namna ya kulitamka. Mwalimu asiye na subira humwona mzito wa akili, na huo ni uonevu mkubwa, kwa sababu kijana wa umri huo huamini upesi kile anachoambiwa juu yake mwenyewe. Kuelewa lugha hutangulia kuisema, tena kwa muda mrefu. Na darasa peke yake halitoshi. Lugha huingia uwanjani, kwenye foleni ya chakula, kwa rafiki anayerudia neno bila kucheka.

Kama wewe ni mwalimu Nairobi au Kampala na umepokea mtoto kutoka Bujumbura, alikosomea kwa Kifaransa, mkalishe karibu na mwenzake mchangamfu. Mpime hesabu kwa tarakimu kwanza, mafumbo ya maneno baadaye. Akianza sentensi, msubiri aimalize mwenyewe.